Mnaoanza kupima mtiririko wa damu ya moyo kwa MRI, angalieni picha kwanza namba baadae

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, hapa Moshi nawaona, mkishachora duara kwenye picha ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, tu macho yote kwenye namba, wala siwacheki maana na mimi nilianza hivyohivyo.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Waliokulia migombani wanaujua mfereji, unadondosha jani unaangalia linakwenda kasi gani, kasi mara upana na kina unapata maji kiasi gani yanapita. Mashine nayo inaipa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, kasi yake, inazidisha na eneo la mshipa, inajumlisha pigo zima. Mtu mzima aliyetulia anatoa kama mililita 70 kwa pigo, mapigo 70 kwa dakika, hapo ni karibu lita 5.

Shida inaanzia kwenye venki, yaani kasi ya juu unayoiambia mashine isome. Siku moja nikiwa mgeni kabisa nikapata aota mililita 38, mshipa wa kwenda mapafuni 74, na kawaida hizi mbili zinalingana, nikajua nimekamata tundu la moyo, nikaenda mbio kumwambia dokta. Akafungua picha bila hata kuangalia namba zangu, katikati ya aota nyeupe pee kuna doa jeusi kama punje ya maharage. Akaniuliza venki uliweka ngapi mwanangu? Nilikuwa nimeiacha ya mgonjwa aliyepita, sentimita 80 kwa sekunde. Damu ikizidi pale mashine inageuza alama, weka 150 halafu damu ikimbie 170 itakuandikia hasi 130, kwahiyo badala ya kujumlisha ikawa inatoa. Tukarudia kwa 150, aota ikaja 72. Aisee nilitamani sakafu ipasuke. Ila venki isiwe kubwa mno pia, picha inajaa chenga na kasi ndogo huzioni, na kama valvu, ule mlango wa moyo, imebana ndo unapanda hata 300 na zaidi.

Slaisi, yaani kile kipande unachokipiga picha, ikate mshipa kwa pembe mraba kabisa, sio mshazari, na mshipa uwe katikati ya sumaku.

ECG, vile vibandiko vya kifuani vinavyosoma umeme wa moyo ili mashine ijue pigo, msiibandike kwa haraka, futa ngozi, nyoa kama kuna manyoya, maana ndani ya sumaku damu yenyewe inazalisha umeme unaovimbisha wimbi la T, lile linalofuata baada ya wimbi la pigo kwenye mchoro, na mashine inadhani ni pigo jingine, mapigo yanatoka mara mbili ya ukweli. Shika mkono wa mgonjwa uhesabu mwenyewe kabla hajaingia.

Na pumzi. Ukisema "toa pumzi, shikilia" wengi wanavuta kwanza, nilikuwa na bibi mmoja wa Rombo kila nikimwambia ananijibu "sawa mwanangu" kwa sauti, pumzi zote zinaishia kwenye jibu. Nikamtoa, tukafanya mazoezi mara tatu amekaa kitandani, nikamwambia bibi humu ndani usinijibu hata nikikusalimia.