Garimoshi kwa rangi za maji: ya kujua kabla hujalowesha brashi

Picha nyingi za garimoshi za wanaoanza huharibika kabla rangi haijagusa karatasi. Reli zimechorwa pana mno, magurudumu hayaelewani, na mvuke haukutengewa nafasi yake. Rangi za maji hupakwa kutoka nyepesi kwenda nzito, na weupe wake ni karatasi yenyewe. Ukishaufunika, haurudi kama ulivyokuwa. Amua mapema pasipoguswa: kiini cha wingu la mvuke, uso wa juu wa reli, mstari wa mng'ao begani mwa boila (lile pipa refu la injini linalochemsha maji). Vitie alama hafifu za penseli, ndipo ufikirie rangi.

Vifaa visikusumbue sana. Penye kustahili gharama ni karatasi: ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa chembe za wastani. Ya gramu 190 hujikunja ikilowa, maji yakajikusanya kwenye mabonde na anga likakauka kwa mabaka. Ukubwa wa sentimita 28 kwa 38, yaani robo ya karatasi nzima, unatosha. Brashi tatu za duara (namba 12, 8 na 4), moja bapa ya milimita 25, na moja nyembamba yenye nywele ndefu kwa ajili ya nyaya za umeme za juu ya njia. Rangi sita zinafanya kila kitu, lakini soma namba ya kutambulisha rangi iliyoandikwa kwenye tyubu, kwa kuwa majina hutofautiana baina ya watengenezaji: ultramarini (buluu) ni PB29, siena ya kuchomwa (kahawia) ni PBr7 (baadhi huitengeneza kwa PR101), oka ya manjano ni PY43 au PY42. Ongeza buluu baridi ya PB15, nyekundu moja na manjano moja angavu. Nyeusi ya tyubu iache dukani.

Sasa mchoro, na hapa usiwe na haraka. Uchore kwenye karatasi ya kawaida, ufute utakavyo, kisha uuhamishie kwenye karatasi nzuri kwa kuuweka juu ya kioo cha dirisha lenye mwanga. Karatasi ya 300 hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo kaza mistari ya mchoro wa chini kwa kalamu nyeusi. Kufutafuta kwenye karatasi nzuri huchubua uso wake, na rangi ikifika hapo hunywewa kwa kasi na kuacha doa lisilotoka.

Vipimo viwili vitakuokoa. Upana kati ya reli mbili uliozoeleka duniani ni milimita 1,435, lakini treni inayopita juu yake huwa na upana wa karibu mita 3. Maana yake mwili wa treni hutokeza nje ya reli pande zote mbili, na jumla yake ni karibu mara mbili ya nafasi iliyo kati ya reli. Kwenye reli za milimita 1,000 au 1,067 tofauti hiyo huzidi. Anayeanza hulinganisha reli na kuta za behewa, na matokeo yake treni huonekana kama sanduku lililokaa sakafuni. Cha pili ni mataruma, yaani vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli: nayo hutokeza nje ya reli, karibu nusu mita kila upande kwenye reli ya 1,435.

Mataruma yanayokwenda mbali yana kanuni yake. Chora reli mbili zikikutana kwenye upeo wa macho, na mstari wa katikati kati yake. Weka taruma la kwanza na la pili kwa kukadiria. Kisha vuta mstari kutoka pale taruma la kwanza linapokutana na reli ya kushoto, upite katikati kabisa ya taruma la pili, hadi ukate reli ya kulia. Pale ulipokata ndipo mahali pa taruma la tatu. Rudia mara saba au nane, basi. Zaidi ya hapo mataruma hayaonekani moja moja. Yageuze kuwa rangi moja ya kijivu cha joto. Kuyachora yote hadi mwisho ni kosa linaloifanya njia isimame wima kama ngazi.

Usawa wa macho yako huamua sura ya kila duara. Mtu aliyesimama chini kando ya njia ana macho kwenye kimo cha takriban mita 1.6, na boila ya injini kubwa ya mvuke iko juu ya hapo. Kwa hiyo unaitazama kwa chini: mdomo wa bomba la moshi lazima upinde kuelekea juu, na tundu lake halionekani. Ukichora tundu, umempandisha mtazamaji darajani huku magurudumu bado yakimwambia yuko chini. Magurudumu yanayotazamwa kwa mshazari huwa duaradufu, na mhimili mrefu wa kila duaradufu hukata kwa pembe mraba mstari wa ekseli. Ukiwa umesimama karibu na kichwa cha treni, kila gurudumu lililo mbali zaidi nawe huwa jembamba kuliko lililotangulia.

Fito zinazounganisha magurudumu makubwa ya injini ya mvuke ndizo mtihani wa wanaojua treni, nao huangalia hapo kwanza. Pini zinazoshika fito hizo upande mmoja hukaa mahali pamoja kwenye kila gurudumu: moja ikiwa juu, zote ziko juu, moja ikiwa nyuma chini, zote ziko hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ufito wa kuunganishia hubaki sambamba na reli wakati wote. Unaoinama ni ule mwingine, unaotoka kwenye silinda. Kile kipande kizito cha chuma chenye umbo la mwezi mchanga ndani ya gurudumu hukaa upande wa pili wa pini, kwa kuwa kazi yake ni kusawazisha uzito. Spoki usizichore. Paka giza lililo kati yake, pembetatu moja baada ya nyingine, na spoki zitajitokeza zenyewe kwa rangi ya chini. Kama treni inakwenda, tia ukungu spoki za juu na uache za karibu na reli zikiwa wazi: sehemu ya gurudumu inayogusa reli imetulia kwa nukta hiyo, na ya juu kabisa inakwenda kwa kasi mara mbili ya treni.

Kwa uso wa juu wa reli, vishikio vya mlango na taa, tumia gundi ya kuzuia rangi, ile ya majimaji ya mpira. Ipake kwenye karatasi kavu tu, kwa brashi ya zamani uliyoisugua kwenye sabuni kwanza, la sivyo nywele zitagandana. Isikae siku nyingi na usiikaushe kwa joto, maana hushikana na karatasi na kuichana unapoing'oa. Kwenye mvuke usiiguse kabisa. Huacha kingo kali kama zilizokatwa na mkasi, na mvuke hauna kingo za namna hiyo.

Mvuke na anga hupakwa kwa pamoja, kwa pumzi moja. Andaa rangi ya anga ya kutosha, zaidi ya unayodhani, kwa kuwa ukikatisha kuchanganya nyingine karatasi itakauka. Lowesha anga lote pamoja na wingu la mvuke kwa maji safi. Subiri mpaka madimbwi yaondoke ila mng'ao ubaki. Inamisha kichwa uitazame karatasi kwa ubavu, ndipo utaona. Sasa leta anga hadi karibu na wingu na uache rangi isambae yenyewe upande wa kivulini. Upande wa jua acha sehemu chache kavu tangu mwanzo ili upate kingo mbili tatu zilizo kali. Rangi ikivamia wingu, ifyonze kwa tishu iliyokunjwa, ukibonyeza mara moja na kuinua, kusugua kunachafua. Kivuli ndani ya wingu ni ultramarini kidogo na siena kidogo, maji mengi, kikiingia karatasi ikiwa bado na unyevu.

Karatasi ikishapoteza mng'ao, ondoa mkono. Hapo ndipo makosa mengi hutokea: unaona doa, unaliendea na brashi yenye maji mengi kuliko yaliyo kwenye karatasi, maji yanasukuma chembe za rangi pembeni na kuacha ua lenye kingo za mikunjo. Likitokea, acha likauke kabisa kisha uamue. Wakati mwingine ua hilo hilo hufaa kuwa moshi.

Mvuke huonekana mweupe tu penye kitu cheusi zaidi nyuma yake: miti, kilima, anga la mawingu mazito. Mbele ya anga linalong'aa huwa wa kijivu au kahawia. Chagua mandhari ya nyuma kwa sababu hiyo. Jambo jingine dogo ambalo wachoraji wengi hulikosa: mvuke halisi hauna rangi, na weupe ni matone yaliyokwisha kupoa. Unapotoka kwa nguvu kwenye valvu ya usalama, acha nafasi tupu fupi kati ya mdomo wa valvu na mwanzo wa wingu.

Injini nyeusi ndiyo inayowatisha watu, ingawa ni rahisi kuliko nyekundu. Changanya ultramarini na siena ya kuchomwa kwa kiasi sawa, ujaribu pembeni. Ikielekea buluu, hiyo ni ya sehemu za juu zinazopokea anga. Ikielekea kahawia, ni ya chini zinazopokea mwanga wa kokoto. Kwenye boila, giza kubwa kabisa halikai kwenye ukingo wa chini. Lipo juu yake kidogo, na chini kabisa kuna ukanda mwembamba wa kahawia nyepesi unaotokana na ardhi. Ukanda huo ndio unaoiviringisha boila. Bila huo unabaki na ubao bapa. Paka tabaka la kwanza likiwa jepesi kwa boila nzima, ukiruka mstari wa mng'ao, na udondoshe buluu juu na siena chini likiwa bado limelowa. Likauke. Tabaka la pili liwe na uzito wa wino, kwa giza tu. Kumbuka rangi za maji hupauka zikikauka, kwa hiyo giza linaloonekana limezidi likiwa bichi kwa kawaida ni sawa. La tatu likihitajika liwe la mistari michache. Ukienda la nne na la tano unapata matope.

Vichwa vya dizeli na vya umeme vina kuta bapa na michirizi ya rangi kali. Anza na manjano, kwa sababu manjano juu ya giza haionekani. Kati ya rangi mbili zinazogusana acha uzi mkavu wa nusu milimita, au subiri ya kwanza ikauke kabisa. Mabehewa yanataka kazi ndogo: lichore vizuri lililo karibu, mengine yawe madirisha yanayopungua. Herufi ndogo zisizosomeka kwa umbali huo zisiandikwe.

Ardhi ndiyo inayoonyesha kama njia inatumika. Reli inayopitwa kila siku ina ubavu wa kutu na uso unaong'aa kwa rangi ya anga. Ya kando isiyotumika ina kutu hata juu, kwa hiyo hapo usizuie weupe. Kokoto zianze na tabaka la oka na kijivu. Likikauka, funika treni kwa karatasi chakavu na urushe matone kwa mswaki uliochovywa kwenye siena nzito. Kahawia iongezeke kandokando ya reli, kwa vumbi la breki na kutu. Ultramarini hutua kwa chembechembe kwenye mabonde ya karatasi, na kwa kokoto ni faida ya bure.

Kuhusu picha za kamera utakazochorea: mwonekano wa katikati ya njia usiufuate kwa kusimama relini. Treni za kisasa hufika kimya, na mwili wake, kama tulivyoona, hutokeza nje ya reli. Piga ukiwa jukwaani nyuma ya mstari wa usalama, au darajani. Lenzi pana ukiwa karibu huvimbisha mbele ya injini, basi rudi nyuma na uvute kwa zumu. Piga na picha za ziada za magurudumu zenye mwanga zaidi, kwa sababu kamera hugeuza sehemu za chini kuwa weusi mtupu usio na kitu ndani.

Mwisho ng'oa gundi kwa kidole, kila kitu kikiwa kikavu. Reli zitakuwa nyeupe mno. Zipitishie buluu hafifu na uache weupe vipande viwili vitatu. Nyaya za juu zichore kwa brashi ndefu, mkono ukitembea wote kuanzia begani, na mstari ukatikekatike. Mng'ao uliosahaulika kwenye kishikio utaupata kwa ncha ya kiwembe, mkwaruzo mmoja. Fanya hivyo mwisho kabisa, kwa kuwa palipokwaruzwa hapapokei tena rangi vizuri.