Maswali na Majibu: Kampuni Inapotangaza Ugunduzi wa Vito

Swali (Msomaji, Ngaramtoni): Nimesikia redioni kuwa kampuni ya madini imegundua mashapo mapya ya vito. Mgodi utafunguliwa lini?

Jibu: Huenda usifunguliwe kabisa. Leseni ya utafutaji humruhusu mwenye nayo kuchunguza ardhi, kuchukua sampuli na kuchoronga miamba, lakini ili achimbe kibiashara ni lazima aombe na kupewa leseni ya uchimbaji, pamoja na kukamilisha tathmini ya athari kwa mazingira. Tangazo lisilosema kampuni inashikilia leseni ya aina gani, kwa maoni yangu, limeandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa hisa kuliko wananchi.

Swali (Msomaji, Sakina): Kwa nini kampuni za dhahabu hutaja kiasi kilichopo ardhini, lakini za vito hukwepa?

Jibu: Dhahabu, hata ikiwa chembe zisizoonekana kwa macho, mara nyingi husambaa ndani ya mwamba kiasi kwamba maabara inaweza kupima gramu kwa kila tani kutokana na sampuli za kuchoronga, na gramu hiyo ina bei moja popote duniani. Vito hukaa katika vifuko vilivyotawanyika, hivyo mtambo wa kuchoronga unaweza kupita karibu kabisa na kifuko usione chochote, au ukakigonga na kulivunja jiwe lenyewe. Huko Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti mkoani Manyara, wachimbaji hufuata tabaka jeusi lenye madini ya kinywe (grafiti), ambalo limekunjwakunjwa na mgandamizo wa kale, na tanzanaiti hupatikana katika baadhi tu ya mikunjo hiyo. Hata jiwe likipatikana, thamani yake hutegemea rangi, ung'avu na ukubwa, na tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia hadi zichomwe ndipo ziwe za buluu.

Kwa sababu hiyo kampuni makini hutoa kwanza mwamba mwingi, ikauponda na kuuchambua, kabla ya kutaja hesabu yoyote. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na hakuna mchorongaji ambaye angeyatabiri. Wako pia wanaapolo, yaani vibarua wa kuchimba vito, waliozeeka mashimoni bila kuona jiwe la kulipia deni la chakula.

Swali (Msomaji, Longido): Shamba langu limo ndani ya eneo la leseni. Madini yaliyomo ni yangu?

Jibu: Hapana. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Haki yako iko juu ya ardhi, kwa maana ya mazao, majengo na matumizi ya shamba, nayo hulipwa fidia. Usisaini hati yoyote kabla mthamini hajafika na kabla hujapewa nakala yako.

Swali (Msomaji, Tengeru): Je, ugunduzi huo utashusha bei ya tanzanaiti?

Jibu: Ikiwa ni rubi au tsavoraiti (kito cha kijani), sioni sababu. Tanzanaiti yenye thamani ya kibiashara inajulikana kutoka vilima vya Mererani pekee.

Swali (Msomaji, Usa River): Dalali ananitaka nichangie mtaji wa duara (shimo la kuchimba vito) lililo jirani na ugunduzi huo. Nifanyeje?

Jibu: Ujirani na mashapo haukupi chochote, kwa kuwa hata Mererani yapo maduara yanayopakana ambapo moja limetajirisha na jingine limefilisi. Mwombe namba ya leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kisheria hutolewa kwa Watanzania pekee, kisha uihakiki wewe mwenyewe katika ofisi ya Tume ya Madini badala ya kuletewa nakala na dalali. Ikithibitika, mgawanyo kati ya mwenye leseni, mwenye mtaji na wanaapolo uandikwe na kushuhudiwa kabla baruti na chakula havijanunuliwa, maana jiwe likishaonekana kila mmoja hukumbuka makubaliano ya mdomo kwa namna yake.