Uliza Bibi Mkutubi: Binti kamaliza form four, anataka kujitolea maktaba

SWALI: Shikamoo Bibi. Binti yangu ana miaka 17, kamaliza form four Novemba, saivi yupo tu nyumbani anasubiri mkeka utoke. Jirani kamwambia maktaba ya mkoa inaweza kupokea vijana wa kujitolea, basi tangu siku hiyo asubuhi maktaba, jioni maktaba. Baba yake hataki kusikia, anasema mtoto akafute vumbi la serikali bure halafu nauli nitoe mimi? Bora akakae dukani kwa mjomba wake, angalau atarudi na chochote. Mi nipo katikati hapa, nisaidie.
Mama Njia Panda, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Kwanza baba mtoto tumpe haki yake, kwenye nauli kasema kweli tupu. Nimefanya kazi maktaba mpaka nimestaafu na nimeona vijana wanatembea kwa miguu kwenda na kurudi, juani, eti wanajitolea, wakifika wamechoka hata kusoma lebo hawawezi. Kwaiyo msimpeleke siku tano. Siku mbili kwa wiki, asubuhi mpaka saa saba, inatosha kabisa, na siku zingine akakae dukani kwa mjomba, tena duka nalo linafundisha. Muda anao mwingi sana huyo, matokeo ni Januari na form five wanaripoti Julai, hiyo ni kama miezi nane na hatopata tena likizo ndefu hivyo.

Sasa hilo la vumbi. Vumbi atafuta, sikufichi. Ila kazi yenyewe hasa ni kupanga vitabu, na watu wanadhani kupanga vitabu ni kama kupanga sahani kabatini. Vitabu vinakaa kwa namba, ule mfumo wa Dewey, wa yule Mmarekani aliyeutoa 1876, sayansi ziko 500, kemia 540, historia ya Afrika 960 na kuendelea, kila kitabu kina namba yake mgongoni. Niliwahi kuletewa kijana mmoja, hesabu anazijua balaa, nikampa rafu ya historia aipange. Narudi nakuta kaweka 967.8 halafu ndo ikafuata 967.62. Nikamuuliza mbona hivi, akanambia Bibi si 62 ni kubwa kuliko 8? Nikamwambia soma tena, hiyo ni nukta. Akasimama pale, kidole kwenye lebo, anahesabu kimoyomoyo, sita, nane... akaanza kucheka mwenyewe. Nikamwonyesha kwamba 967.62 ni Kenya na 967.8 ni Tanzania, kwaiyo Kenya inatangulia. Hapo akagoma, akasema Bibi hii sio haki kabisa 😂

Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini kitabu kikiwekwa sipo ndo kimeshapotea hivyo. Katalogi inasema kipo, msomaji anazunguka rafu nzima hakioni, anaondoka. Sisi kuna kitabu cha kemia kilikaa kwenye 640, kwenye mapishi, miezi na miezi, na watoto wa form six wanakililia kila siku. Aliyekiona alikuwa binti wa kujitolea, tena hakuwa anakitafuta, alikuwa anasoma lebo moja moja tu kama nilivyomfundisha. Hiyo sisi watumishi tunaiacha kwa sababu ya wingi wa kazi, nasema ukweli.

Na sehemu ya watoto, hapo ndo ningetaka akae zaidi. Wanakuja watoto wa darasa la pili la tatu, wengine kitabu cha picha nyumbani hawana, mtu akiwasomea kwa sauti wanakaa kimya kama wamemwagiwa maji. Mwambie ashike kitabu picha ziwaelekee wao sio yeye, asome pole pole, akifika pazuri asimame awaulize unadhani huyu sungura atafanyaje. Asikisome kwa mara ya kwanza mbele yao, akapitie nyumbani kwanza, maana atakwama kwenye neno na watoto hawana huruma.

Kabla hajaanza aandike barua kwa mkutubi wa mkoa, na kwa kuwa hajafika 18 wewe au baba yake muambatanishe barua ya kukubali. Muulizeni pale pale nani atamsimamia, saa ngapi anaingia na kutoka, na mwisho atapewa barua ya kuonyesha alichofanya au la. Akiipenda kazi, Bodi ya Huduma za Maktaba ina chuo chake cha ukutubi Bagamoyo, mtu wa form four anaweza kuanzia cheti akiwa na ufaulu unaotakiwa. Baba yake mwambie hilo la chuo mapema, nadhani litamlainisha kidogo.

SWALI: Shikamoo Bibi, mi nipo wiki ya tatu najitolea maktaba flani, kila siku natumwa vitumbua na chai ya wakubwa, nikirudi nafuta meza. Kitabu sijagusa. Niache au nivumilie?
Kijana wa Vitumbua

JIBU: Marahaba mwanangu. Meza futa, na vitabu navyo vinafutwa, kitambaa kikavu, unaanzia juu ya kurasa ambako vumbi ndo linakaa, usilowanishe. Hiyo ni kazi ya maktaba. Vitumbua sio. Nenda kwa mkutubi mwenyewe, usiende kwa hao wanaokutuma, mwambie kwa heshima naomba nipewe rafu moja niisimamie, niipange kila siku mwenyewe. Ukipewa moja ukaishika vizuri utaletewa ya pili bila kuomba. Wiki ikipita hujapewa, mshukuru uondoke, hakuna anayekudai.

SWALI: Mambo Bibi, eti nikiwa najitolea naweza kuazima vitabu bila kadi ya uanachama? Na vingapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna, unajiandikisha unalipia kama wenzio. Na kile kitabu cha fizikia ulichokichomeka nyuma ya rafu ya dini ili mwingine asikichukue mpaka urudi kesho, kitoe. Hizo tunazijua, wote mnaficha hapo hapo.