Kuponi Marekani: anzia kwenye sabuni na nepi

Hapa Columbus, Ohio, wageni wanaotoka Tanzania, Kenya na Kongo huniuliza swali moja mara tu baada ya kulipa kodi ya nyumba ya kwanza: wenyeji wanamuduje bei hizi za dukani? Kuponi, yaani hati za kupunguziwa bei, ni sehemu ya jibu. Nimelea watoto nikizitumia na ninaziamini, ila ninaziamini kwa vitu fulani tu. Wengi wetu tunaambiwa "tumia kuponi" halafu tunaachwa hapo hapo.

Hebu angalia tunachokula: mchele, unga wa ugali, maharage, vitunguu, nyanya, mboga za majani, nyama, samaki. Kuponi za vitu hivi ni adimu. Kuponi nyingi hutolewa na kampuni zenye jina la kulitangaza. Coca-Cola walikuwa wakigawa tiketi za glasi ya bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, na shabaha yao ndiyo ya kampuni za leo: uonje, uzoee, urudi ulipe bei kamili. Mkulima wa vitunguu hana haja hiyo. Kwa hiyo kuponi zimejaa kwenye sabuni ya kufulia, nepi, dawa ya meno, shampuu, mtindi na vyakula vya boksi vya asubuhi.

Basi mimi natumia kuponi kwenye sabuni na nepi, na fedha inayobaki inakwenda kwenye nyama na samaki. Mchele nanunua gunia zima kwenye duka la Waasia, bila kuponi yoyote. Vile vya boksi vya asubuhi nawaachia wanaovipenda. Tuseme boksi ni dola 4.99 na kuponi inakupunguzia dola 1 ukinunua mawili: utalipa karibu dola 9 kwa kitu ambacho uji wa nyumbani unakishinda kwa bei na kwa shibe.

Kuponi ziko za aina mbili, na ukizitofautisha umeshapiga hatua kubwa. Ya kiwanda imeandikwa "Manufacturer Coupon", na hupokelewa na maduka mengi tofauti, kwa sababu kiwanda ndicho kinachomrudishia mwenye duka fedha yake. Ya duka inatumika kwenye duka hilo tu. Maduka ya Target wanakuruhusu kutumia moja ya kiwanda na moja ya kwao kwenye bidhaa ile ile, na hapo ndipo nepi zinaposhuka bei kweli. Walmart wanapokea za kiwanda. Aldi hawapokei za kiwanda, lakini usiwapite kwa sababu hiyo. Bidhaa zenye nembo yao mara nyingi ni nafuu kuliko ya jina kubwa hata baada ya kuponi.

Ukishapata kuponi, usikimbilie kuitumia siku hiyo hiyo. Subiri bidhaa yenyewe iingie kwenye ofa ya wiki. Kwenye maduka ya Kroger, ofa mpya kwa kawaida huanza Jumatano. Sabuni ya dola 12.99 ikishushwa hadi 9.99, kuponi ya dola 3 inaifikisha 6.99. Wakati huo nachukua za kutosha mpaka ofa nyingine, kwani sabuni haiozi. Soma tarehe ya mwisho, soma ukubwa wa chupa unaotakiwa, na ujue kwamba "one coupon per purchase" maana yake ni kuponi moja kwa kila bidhaa, si moja kwa kila safari ya dukani. Wanaolipa kwa kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, nao wana haki ya kutumia kuponi kama mteja mwingine yeyote. Kuwe na foleni ndefu nyuma yako au kusiwe na mtu, usione aibu kutoa kuponi yako.

Sasa jambo linaloniuma. Kuponi nyingi zimehamia kwenye simu. Rafuni unaona bei nzuri imeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo wameandika kwamba bei hiyo ni ya mwenye kuponi ya kidijitali. Mama yetu asiyesoma Kiingereza anachukua kuku akiamini ile bei kubwa, anafika kwa keshia analipa zaidi, na hajui kwa nini. Mwenye fedha kidogo kuliko wote ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, na hilo si haki.

Vijana, hili liko mikononi mwenu. Mfungulie mama au bibi akaunti ya duka analoliendea. Ni bure, na kwa kawaida inataka barua pepe na namba ya simu. Kila ofa mpya inapotoka, kaa naye dakika chache, mpitie pamoja orodha ya kuponi kwenye simu, na umbonyezee kuponi za vitu ambavyo angevinunua hata hivyo. Lazima zibonyezwe kabla ya kulipa. Namba ya simu iliyoandikishwa muandikie kwenye karatasi aiweke kwenye pochi, maana akifika kaunta ndiyo atakayoiingiza.

Baada ya kulipa, msitoke mlangoni kabla ya kusoma risiti. Kila kuponi iliyokubaliwa ina mstari wake wenye alama ya kutoa. Usipouona, nenda na risiti na bidhaa kwenye dawati la huduma kwa wateja, useme, "The coupon did not come off," yaani kuponi haikupunguzwa kwenye bei. Mfundishe mama sentensi hiyo aiseme mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida, siku ambayo hukwenda naye.