Michango ya vyakula vibichi: panga siku kwanza

Dada, nimekuelewa. Mnapikia wazee na watoto kila Jumamosi hapo Temeke, wasamaria wanaleta tenga la nyanya Jumatano, mchicha Alhamisi, na siku yenyewe hakuna hata kitunguu. Nimepokea michango jikoni msikitini miaka minne. Hapo tatizo ni kalenda, siyo watu.

Kila Jumatatu tuma orodha kwenye grupu la WhatsApp: kitu, kiasi, siku. Viazi, maboga na vitunguu vije mapema (vitunguu viweke mbali na viazi, vinaharibiana). Mchicha na matembele Jumamosi alfajiri. Anayependa kwenda soko la Stereo mwenyewe mwache, ila nyanya achukue nusu mbivu. Zikifika, mwaga tenga kwenye sinia ukague moja moja hadi zile za chini. Iliyopasuka huozesha jirani zake usiku mmoja.

Samaki bila barafu usipokee, hata kama kaleta shehe. Funua matamvua, yawe mekundu. Nyama iwe na mhuri wa machinjio. Karanga au mahindi yenye ukungu tupa, kupika hakuondoi sumukuvu (sumu ya ukungu huo). Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wali uliopikwa nyumbani ukakaa nje kwa muda wa zaidi ya masaa mawili, kataa kwa upole. Mimi niliwahi kuona haya kukataa, watoto sita wakaharisha.

Mwombeni afisa afya wa kata aje alione jiko. Na mtu akitapika mfululizo au akiharisha damu, zahanati moja kwa moja, siyo maji ya tangawizi.