Turbo imeharibika: kabla hujaamua kuitengeneza au kununua nyingine

Niliharibikiwa na turbo mara mbili katika muda usiozidi miezi 4, na mara zote mbili swali nililoulizwa gereji lilikuwa lilelile: tutengeneze hii au tutafute nyingine? Mara ya kwanza nililijibu kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyonigharimu.

Nilikuwa nikipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa na pikapu ya dizeli ya lita 3.0, nyuma nimepakia saruji, pale filimbi nyembamba ya turbo ilipogeuka ikawa kama king'ora, gari likakosa nguvu, na kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi wa buluu umetanda barabarani. Fundi aliyenipokea alivua mpira wa hewa, yaani bomba la kupitishia hewa ya turbo, akakuta oili imetuama ndani yake, akasema turbo imekufa. Nilinunua iliyotumika, ikafungwa siku ileile. Haikumaliza miezi 3.

Turbo ni feni mbili zilizo kwenye shafti moja. Feni ya upande wa ekzosi huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ya pili huvuta hewa safi na kuisukuma kwenye silinda. Katika injini ndogo za dizeli shafti hiyo inaweza kupita mizunguko 150,000 kwa dakika, na katika turbo nyingi haikai juu ya beringi za gololi, bali huelea ndani ya bushi juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache, chuma husaga chuma. Ndiyo maana turbo iliyokufa mara nyingi imeuawa na kitu kilicho nje yake: oili kidogo, oili chafu, au uchafu ulioingia pamoja na hewa.

Turbo ya pili ilipokufa nilimpata fundi wa pampu na nozeli (vinyunyizio vya dizeli), mzee mwenye subira, ambaye alikataa kuzungumzia bei kabla ya kufungua sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Alipoifungua, chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na masizi magumu. Washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli zilikuwa zimechoka, moshi wa mwako ukawa unapenya na kuichafua oili, na masizi yakashuka hadi kwenye chujio. Kwenye tambarare injini ilipata oili ya kujikimu, lakini kila nilipopanda mlima na mzigo, turbo ilikaukiwa. "Mwanangu," aliniambia, "hata ungefunga mpya, ungeizika vilevile."

Alinionyesha pia jambo ambalo nadhani limewapotezea watu wengi fedha: oili kwenye mpira wa hewa haitoshi kuihukumu turbo. Sili zake si za mpira. Ni ringi nyembamba za chuma, mfano wa ringi za pistoni, na hufanya kazi vizuri pale tu oili inaposhuka bila kizuizi kurudi kwenye sampu. Bomba la kurudisha oili likiziba au kupondeka, au injini ikiwa na pumzi nyingi, yaani gesi ya mwako inayopenya hadi kwenye sampu, kwa sababu ringi za pistoni zimelika, oili hukosa njia na kutokea kwenye feni. Ekleana (chujio la hewa) iliyoziba nayo huifanya oili inyonywe upande wa hewa. Katika hali hizo hata turbo iliyotoka kwenye boksi leo itavuja. Na gari kukosa nguvu peke yake kunaweza kusababishwa na mpira uliochanika, au na yale mapanga madogo yanayoongoza moshi kwenye turbo za kisasa, yakiwa yameganda kwa masizi na yanahitaji kusafishwa tu.

Injini ikiwa imepoa, vua mpira wa hewa ushike ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kushoto na kulia usishtuke, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya oili, mradi feni isiguse ukuta wa nyumba yake. Ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisi wazi, beringi ya msukumo imekwisha, na hapo ndipo swali la gereji linapostahili jibu.

Ikiwa nyumba za feni ni nzima, mimi huchagua kutengeneza, na ninachokusudia ni kubadilisha katriji nzima, yaani kiini cha katikati chenye shafti, feni, bushi na sili, ambacho huja kikiwa kimesawazishwa kwa mashine. Kwangu kiligharimu chini ya nusu ya turbo kamili. Sikubaliani kabisa na kuchongesha bushi na kurudishia shafti ya zamani bila kuisawazisha, kwa sababu kwa mizunguko ile tofauti ndogo mno ya uzito huila bushi mpya. Muulize fundi ataisawazishia wapi. Asipokuwa na jibu, usimwachie.

Nunua kamili pale feni ilipovunjika na kuchimba nyumba, ufa ulipopenya ukuta wa upande wa ekzosi, au mapanga yalipoungua. Feni ya hewa ikivunjika, vipande vyake hubaki kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini, na isipofunguliwa na kusafishwa vitaifuata injini. Iliyotumika sasa siigusi bila kuipima shafti kwa mkono wangu.

Lililo kubwa kuliko gharama ni usalama: ukiona moshi wa buluu mwingi usiendelee na safari, maana injini ya dizeli inaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe na kuvuma bila kuzimika hata ukitoa ufunguo.

Siku ya kufunga nilisimama pale pale. Tulibadilisha washa za nozeli, tukaosha sampu na chujio, tukaweka oili na filta mpya pamoja na bomba jipya la kupeleka oili, na mzee akakataza silikoni kwenye maungio yake, kwa kuwa kipande kikikatika huziba njia. Turbo ilijazwa oili kwa mkono, injini ikazungushwa kwa stata bila kuwaka hadi presha ikapanda, kisha ikawashwa na kuachwa silensa, bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika kadhaa. Nilipofika juu ya Kitonga na mzigo kwa mara ya kwanza baada ya hapo, niliegesha nikaiacha injini izunguke taratibu dakika 2 kabla ya kuizima, ili oili iendelee kupita wakati nyumba ya ekzosi ikipoa.