Kesho yake ilikuwaje? Kwa mnaoanza kusoma habari za ukaidi na mabadiliko

Karibuni. Swali hili mtakutana nalo mapema, darasani au kwenye mdahalo: je, kukaidi na kupinga huiletea jamii maendeleo? Nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu ndiyo, kurasa nne nzima, na shahidi wangu alikuwa Rosa Parks: mama mweusi aliyechoka na kazi, akakataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, na Marekani ikabadilika. Mwalimu wangu hakugusa hata kosa moja la sarufi. Aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Kesho yake ilikuwaje?"

Basi nikaenda kutafuta. Parks alikamatwa jioni ya tarehe 1 Desemba 1955. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa umoja wa wanawake weusi wa mji huo, aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakakesha kwenye mashine ya kurudufu. Kila karatasi ilibeba tangazo lilelile mara tatu, kisha ikakatwa vipande vitatu: Jumatatu msipande mabasi. Kulipokucha walikuwa na makumi ya maelfu ya vipeperushi. Na Robinson hakuzuka usiku ule. Tangu Mei 1954 alikuwa amemwandikia meya kumwonya kwamba watu wanafikiria kususia mabasi. Parks naye alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi, mtu aliyejua anachokifanya.

Sasa linganisha. Miezi tisa kabla, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka kwenye basi la mji huohuo. Akakamatwa, na mabasi yakaendelea na safari zake. Ujasiri ni uleule, sheria ya kuwabagua weusi ndani ya mabasi ni ileile. Kilichokosekana mara ya kwanza ni watu walio tayari kugeuza kukamatwa kwa mtu mmoja kuwa jambo la wote. Desemba walikuwepo, na walitembea kwa miguu na kupeana lifti kwa siku 381. Colvin hakupotea: alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliofungua kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya nchi, ambako Novemba 1956 ubaguzi ndani ya mabasi hayo ulitamkwa kuwa kinyume cha katiba. Nawasihi mlitaje jina lake kila mnapolitaja la Parks.

Kuna mtego mwingine, na sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunauingia kwa namna yetu. Tumekua tukiambiwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukishaanza kusoma, unazichoka methali hizo, na ghafla kila mkaidi unamwona shujaa. Msifanye hivyo. Septemba 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliikaidi amri ya mahakama na kuweka askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari mjini Little Rock. Rais Eisenhower alilazimika kutuma jeshi ili waingie. Huo pia ni ukaidi, tena wa wazi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusifu, uliza anayekataa anamkatalia nani, na nani atalala na maumivu.

Upinzani wa maneno nao una kesho yake. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, akiwa Vienna, aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima akina mama wanaojifungua. Vifo vya akina mama wodini kwake vilishuka sana. Lakini kitabu chake alikitoa mwaka 1861, na waliombishia aliwaita wauaji. Alifariki mwaka 1865 wengi wakiwa bado hawajakubali. Alikuwa sahihi, na nasema hili kwa uchungu, kwa sababu miaka yote hiyo akina mama waliendelea kufa kwa homa ya uzazi.

Mkiandika, anzeni na madai yenyewe, si na shujaa. Someni madai ya kwanza ya Montgomery: madereva wawe na adabu, aliyetangulia akae, weusi wakianzia nyuma na wazungu mbele, na weusi waajiriwe kuendesha kwenye njia zinazopita mitaa yao. Hawakuomba ubaguzi ufutwe. Wenye mamlaka walikataa hata hayo machache. Kesi ya kuufuta ubaguzi wenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1956, siku mbili baada ya nyumba ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo huo wa mabasi, kutupiwa bomu.